Wanaume Waliokuja Kulalamikia Mgongo

Mwanamume wa huku kwetu akifika dispensari asubuhi, akaketi mwisho wa benchi na kumpisha kila anayekuja baada yake, wewe nesi kijana ujue jambo moja: mahali atakapokuambia panamuuma sipo. Atasema mgongo. Kwa nini mgongo, sijui mpaka leo. Labda kwa sababu uko karibu na penyewe, na mtu akisema mgongo hakuna wa kumcheka. Miaka yote niliyofanya kazi katika dispensari ya shamba la chai, huku Kericho inapopakana na Bomet, nimechua migongo mingi mizima, isiyo na kosa lolote.

Sasa nimestaafu. Nina ng'ombe wangu na kipande changu cha chai, na vijana wanaosomea uuguzi hunitembelea wakitaka niwaeleze kazi ilivyokuwa. Huniuliza habari za malaria, na jinsi tulivyozalisha akina mama kwa taa ya mkononi wakati stima ilipopotea. Nawaambia. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza habari za migongo ya wanaume, na mimi naona hilo ndilo somo lililookoa watu wengi mkononi mwangu. Basi leo sikilizeni, na mwenye kutaka kucheka acheke. Hata sisi tulicheka.

Mimi ni Mkisii. Wazazi wangu walikuja huku kuchuma majani, nami nikasoma kwa jasho lao nikawa nesi. Daktari wetu pale dispensari alikuwa Mzee Kamau. Kwa cheti alikuwa afisa wa kliniki, lakini nani shambani alijali tofauti? Alikuwa daktari, basi. Jamaa zake walitoka Murang'a wakafungua duka kule Kiptere, wakauza sukari, mafuta ya kupikia na soda. Yeye akaenda kusomea dawa. "Ndugu zangu wanauza ugonjwa, mimi natoa dawa," alipenda kusema. "Familia yetu haiwezi kulala njaa."

Siku hizo hatukuwa na kile kimashine cha kudunga kidole. Sukari tuliipima kwenye mkojo. Unatia matone machache ndani ya dawa ya buluu, unachemsha juu ya taa ya spiriti, halafu unangoja. Ikibaki buluu, mtu aende nyumbani kwake. Ikigeuka kijani, mwambie aketi. Ikiwa rangi ya tofali, mshike mkono kabisa. Harufu yake siwaelezi. Kuna mzee mmoja aliona haya kumpa msichana kama mimi mkojo wake, akaenda nyuma ya jengo akarudi na kichupa kimejaa. Kamau akakiinua kwenye mwanga, akakinusa, akakiweka chini taratibu.

"Mzee," akamwambia, "umesahau kutia maziwa."

Ilikuwa chai ya rangi. Mzee yule alicheka mpaka akakubali kwenda tena nyuma ya jengo, na safari hii akaleta ya kweli.

Lakini si yote yalikuwa ya kucheka. Kulikuwa na mnyapara mmoja, mtu mnene wa sauti kubwa, aliyemnong'oneza Kamau kwamba nyumbani mambo yamelala. Wakati huo sote tuliamini jambo hilo ni la mawazo, au uzee, au mke mkali. Kamau akampa vitamini, akamwambia apumzike. Mnyapara akarudi, akapewa vitamini nyingine. Mvua za masika zilipoanza, alianguka katikati ya chai, mkono kifuani, na hakuinuka.

Ilipita miaka. Siku moja Kamau alirudi kutoka mafunzo Nakuru, akaketi mbele yangu bila kuvua koti.

"Kemunto," akaniambia, "unamkumbuka yule mnyapara? Alikuja kutuambia kwamba moyo wake unaziba. Alituambia waziwazi. Sisi ndio hatukuijua lugha."

Akanieleza alichofundishwa. Mishipa ya damu ya mahali pale pa mwanamume ni myembamba kuliko mishipa ya moyo. Sukari, presha na mafuta vikianza kuharibu mishipa, ile myembamba hulalamika kwanza. Ile minene hungoja, labda miaka michache, ndipo nayo ilie. "Kwa hivyo mwanamume akikuambia amelegea," akasema, "hata kama kweli ana mawazo, hata kama kweli mkewe ni mkali, mpime kwanza. Sukari, presha, kiuno. Halafu ndiyo muongee habari za mke."

Kiuno tulikipima kwa mkanda wa fundi cherehani nilioununua sokoni Kiptere. Wanaume wakaanza kuniuliza kama siku hizi nashona suruali. Nikawajibu ndiyo, nazipunguza.

Shida ilikuwa kuwafanya waseme. Mimi ni mwanamke, na kwa Wakipsigis, wenyeji wa huku, mambo hayo hayasemwi mbele ya mwanamke hivi hivi, hata akivaa nguo nyeupe. Kamau ndiye aliyenifundisha. "Usimtazame," aliniambia. "Mpe mgongo. Na usimwulize kama ana tatizo, maana atasema hana. Mwulize tangu lini." Tangu siku hiyo, mwanamume akija na mgongo wake nilisimama kwenye sinki nikaanza kuosha vyombo. Vilikuwa visafi. Niliviosha tu, nikaacha kimya kifanye kazi. Vijana, jifunzeni kuosha vyombo visafi. Kitabuni hamtakuta hayo.

Kamau alistaafu akarudi kwao, mwingine akaja, naye akahamishwa, kimashine cha kidole kikafika, taa ya spiriti ikatupwa. Ndipo akaja Ng'eno.

Ng'eno alikuwa dereva wa trekta ya kukusanya majani. Mtu wa miaka arobaini na kitu, wa kutoka Boito, mwenye kicheko ambacho ungekisikia kabla hujasikia trekta. Ujanani alibeba magunia ya majani kichwani, mwembamba kama fito. Walipompa trekta akaketi, na alipoketi akanenepa. Asubuhi alikunywa chai tamu ya kusimamisha kijiko, na mandazi. Mchana soda kwenye kituo cha kununulia majani. Jioni mlima wa ugali. Tumbo likakua mpaka likafikia usukani, na watu wakamsifu. Huku kwetu tumbo ni heshima. Walisema kazi imemkubali.

Asubuhi hiyo aliketi mwisho wa benchi, akapisha watu wote. Alipoingia hakucheka.

"Chamgei, Sista," akanisalimia.

"Chamgei, Ng'eno. Nani mgonjwa nyumbani?"

"Ni mimi. Hii mgongo inanisumbua."

Nikamwambia aketi. Nikaenda kwenye sinki, nikafungua maji. Nikaosha bakuli moja, nikaosha la pili. Nyuma yangu kiti kilikuwa kinalia kwa uzito wake.

"Sista."

"Mm."

"Kama gari iko na mafuta, iko na betri, kila kitu iko, lakini haiwaki. Hiyo inaweza kuwa nini?"

Sikugeuka. "Haiwaki tangu lini?"

Akapumua. "Tangu tupande mahindi ya mwaka jana."

"Na asubuhi, ukiamka tu, haijaribu yenyewe?"

"Hata asubuhi. Imekufa kabisa."

Hapo niliacha kuosha. Shikeni jambo hili, kwa maana swali hilo la asubuhi ndilo linalofungua mlango. Mwanamume ambaye asubuhi mwili wake unaamka wenyewe, mara nyingi tatizo lake liko kichwani, au kwenye ugomvi wa nyumbani. Asiyeamka hata asubuhi, tafuteni kwenye damu. Nikafunga maji, nikaketi mbele yake nikiangalia kimashine, si uso wake. Nikamuuliza kama ana kiu. Anayo, anakunywa maji kama ng'ombe. Kukojoa? Anaamka usiku mpaka mbwa wamechoka kumbwekea. Akipanda mlima kutoka mtoni, kifua kinabana?

Hilo hakulijibu upesi.

"Kidogo," akasema mwishowe. "Nikisimama kinaacha."

"Na umemeza dawa gani?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani kulikuwa na vidonge vya buluu alivyonunua kwa mwanamume mmoja mwenye kipaza sauti sokoni Silibwet. Vilikuwa havina jina wala pakiti.

"Alisema ni nguvu ya simba," Ng'eno akaniambia. "Nilimeza moja. Kichwa ikataka kupasuka, na barabara nikaiona mbili. Nikaendesha ile ya katikati."

Nilivichukua vidonge vile nikavifungia kabatini. Wanangu, dawa za kweli za jambo hili zipo, na ni nzuri. Daktari huziandika baada ya kuujua moyo wako na dawa nyingine unazomeza, kwa sababu zikichanganywa na baadhi ya dawa za moyo zinaweza kuishusha presha mpaka mtu afe. Za gazetini hakuna anayejua ni nini. Mtu mwenye kifua kinachobana akimeza asichokijua anacheza na kaburi.

Nikamdunga kidole. Kimashine kikaandika namba ambayo sikuipenda. Presha nayo ikawa juu. Mkanda wa fundi ulipozunguka tumbo lake, karibu uishe.

"Ng'eno, una sukari," nikamwambia. "Na presha. Wewe ni dereva. Paipu nene na paipu nyembamba, uchafu ukiingia, gani inaziba kwanza?"

"Nyembamba."

"Basi ndiyo hiyo. Gari yako haijafa. Inakuambia uchafu uko kwenye paipu."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kwa hivyo sijarogwa?"

"Hujarogwa."

"Na si uzee?"

"Uzee gani na wewe?"

Nimewapa watu habari za ugonjwa wa sukari miaka mingi. Wengi hulia. Ng'eno ndiye wa kwanza niliyemwona akishukuru. "Kongoi, Sista," akasema, "kongoi," akajipangusa jasho kwa kofia. Alikuwa ameubeba mzigo mkubwa kuliko sukari, nao ulikuwa umeshuka. Lakini alipofika mlangoni akageuka.

"Mama Kibet asijue."

Mama Kibet ndiye mkewe, mchumaji majani, mwanamke mrefu asiyesema sana. Nikamwambia siri yake ni yake, mimi sitaisema. Nikampa dawa ya kuanzia, na karatasi ya kwenda hospitali kubwa ya Kericho akapimwe moyo.

Mkewe alinijia siku chache baadaye. Yeye aliketi mwanzo wa benchi. Alisema kichwa kinamuuma, lakini mlango ulipofungwa tu akasema lililomleta.

"Sista, mzee wangu ako na mwanamke."

Niliweka kalamu chini.

"Analala stoo tangu mwaka jana. Anasema anachunga mahindi isiibiwe. Mahindi gani? Tulishamaliza kula! Nikimwuliza, ananifokea. Juzi nimefua suruali yake nimepata harufu ya dawa ya miti. Mwanamume anatafuta dawa ya miti kwa nini, kama si ya kumfurahisha mwanamke mwingine?" Hakuwa analia, machozi alikuwa ameyamaliza nyumbani. "Nimefunga nguo zangu. Ijumaa naenda kwa ndugu zangu Silibwet. Watoto wakubwa wanajua."

Wanangu, hakuna kitu kigumu katika kazi hii kama kujua jibu na kulifunga mdomoni. Neno moja tu kutoka kwangu na mwanamke yule angefungua lile furushi la nguo. Lakini siri ya mgonjwa si ya nesi. Ukiitoa leo kwa huruma, kesho hakuna mwanamume wa kijiji kizima atakayekaa tena mwisho wa benchi.

"Mama Kibet," nikamwambia, "usiende Ijumaa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nimekuomba."

Alinitazama kwa muda. Sijui alisoma nini usoni mwangu. Akachukua dawa ya kichwa, akaenda bila kuahidi.

Mchana huohuo nilipanda mpaka kituo cha majani, gamubuti zangu zimejaa tope. Wakulima walikuwa wanapima majani yao, Ng'eno yuko juu ya trekta. Nikamwambia asizime injini. Alishangaa, lakini hakuizima. Nikapanda kwenye kikanyagio, nikaongea chini ya ule mngurumo ambapo hakuna sikio lingenisikia.

"Ugonjwa wako unaanzia jikoni," nikamwambia, "na jiko si lako. Kesho njoo na mpishi."

"Nitamwambia ni sukari peke yake."

"Mwambie yote."

"Sista, hiyo ni aibu! Mimi ni mzee wa boma. Nitamwambiaje?"

"Na yeye umemwambia nini mwaka mzima? Ukinyamaza, unafikiri hasikii kitu? Anasikia. Anajaza maneno mwenyewe."

Alishika usukani akaangalia mistari ya chai, mbali. Sikujua kama angekuja. Usiku huo nililala vibaya.

Wakaja. Mume mbele, mke nyuma, na nafasi kati yao ya kupitisha ng'ombe. Ng'eno aliketi akitazama picha ya chanjo za watoto ukutani kana kwamba ana mtoto mchanga. Nikamweleza Mama Kibet habari za sukari: ni nini, inafanya nini, chakula gani kibadilike. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana. Ng'eno bado alikuwa kwenye picha ya chanjo. Nikaona zamu yangu imekwisha. Nikasema naenda kuangalia friji ya chanjo.

Ukuta wa dispensari yetu ulikuwa wa mbao. Sikukusudia kusikiliza, lakini pia sikuziba masikio.

"Mama Kibet," sauti ya Ng'eno ikasema.

"Sema."

"Hakuna mwanamke."

Kiti chake kikalia.

"Hakuna mwanamke mahali popote. Ni mimi nimeharibika."

"Umeharibika wapi?"

"Pale."

"Pale wapi, Baba Kibet?"

"Pale! Unataka nichore? Hii sukari ndiyo imeniua huko. Niliogopa utanicheka. Nikaona afadhali ulale peke yako ukidhani nina hasira, kuliko ujue."

Nilishika mlango wa friji. Halafu nikasikia sauti ambayo kwanza niliidhania kilio.

"Ni hiyo tu?" Mama Kibet alisema. "Baba Kibet, ni hiyo tu?" Alikuwa anacheka, na katikati ya kicheko akawa analia kweli, kisha anacheka tena. "Nimekonda karibu nife! Nimefunga nguo! Kumbe ni hiyo tu!"

"Hiyo tu?" Ng'eno akasema kwa uchungu. "Wewe unaita hiyo tu?"

Niliingiza kichwa ndani ya friji ya chanjo, nikacheka huko huko kwenye baridi. Niliporudi nafasi kati ya viti vyao haikuwepo tena.

Basi kazi ikaanza, na kusema kweli mwenye kazi alikuwa Mama Kibet. Mimi nilitoa vidonge, yeye alitoa amri. Sukari ikatoka kwenye chai, kwanza nusu, halafu yote. Mlima wa ugali ukawa kilima, kisha ngumi. Nusu ya sahani ikajaa mboga za managu na sukuma wiki. Mandazi yakaisha, soda ikaisha, mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, ikabaki kidogo kwa sababu kuna mambo ambayo hata mimi siwezi kumnyima Mkipsigis. Badala ya kubebwa na boda boda mpaka kwenye trekta, akapanda mlima kwa miguu, mwanzoni polepole kama daktari alivyomruhusu, kisha kwa mwendo. Alilalamika sana. "Sista, nimekuwa mbuzi. Nakula majani, nabeba majani, naota majani." Lakini alikuwa anaanza tena kucheka kile kicheko chake.

Kuna mahali tulikwama. Dawa ya presha aliyoanza nayo ilikuwa inamshusha presha vizuri, ila alisema inamlegeza zaidi. Wanaume wengi wakifika hapo huitupa dawa chooni kimyakimya, ndipo kiharusi kinawakuta shambani. Ng'eno hakuitupa, kwa kuwa siku hizi alikuwa anasema mambo, alikuja akasema. Daktari akambadilishia. Mgonjwa akikuambia dawa inamharibia unyumba, nesi kijana, usimcheke na usimkaripie. Mwambie asiiache mwenyewe, kisha umpeleke kwa anayeweza kuibadilisha. Dawa za presha ziko nyingi. Mwanamume huyo yuko mmoja.

Na ile gari je? Mnangoja hilo, nawaona. Ilichukua miezi. Kuna asubuhi moja, jua linatoka, trekta ilipita mbele ya dispensari ikapiga honi ndefu isiyo na sababu, wachumaji wote wakasimama kushangaa. Ng'eno alikuwa ameinua kidole gumba juu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nikampungia mkono nikarudi ndani. Sitawadanganya kwamba alirudi kuwa kijana. Siku nyingine inakubali, siku nyingine inakataa, na baadaye daktari alimwandikia vidonge halali vya kusaidia. Lakini aliniambia kwamba hata siku za kukataa siku hizi hazina kelele. Wanacheka, wanalala.

Hata hivyo, siku ninayoipenda zaidi ilikuwa mapema, kabla ya honi, wakati bado hatukujua lolote. Ni siku aliyopimwa moyo Kericho. Mimi nilikuwa nachukua dawa za dispensari mjini, nikasema nipitie niwaone. Nilimkuta Mama Kibet peke yake kwenye korido, mwavuli mkubwa wa mistari mapajani. Ng'eno alikuwa ndani, wamembandika nyaya kifuani, wanamtembeza juu ya mashine.

Nikaketi naye. Saa ya ukuta ilikuwa inafanya kelele.

"Sista," akaniambia, akiangalia mlango, "ile kitu nyingine ikikataa, ikatae. Mimi nimezaa, nimelea. Huyu mtu nataka tu arudi nyumbani."

Nikachukua mwavuli kutoka mapajani mwake apate kukunja mikono yake vizuri.

Mlango ukafunguliwa. Ng'eno akatoka akifunga vifungo vya shati, amevikosea, upande mmoja umepanda juu. Uso wake haukusema kitu. Nyuma yake akatoka daktari, binti mdogo tu ambaye angeweza kuwa mwanangu, akatuangalia sote.

"Mmekuja mapema," daktari akasema. "Mishipa imeanza kuharibika kidogo, lakini haijaziba. Moyo wenyewe ni mzima. Akishika dawa na akiendelea kutembea, atazeeka huyu."

Mama Kibet aliinama akafunika uso kwa leso. Ng'eno akabaki amesimama.

"Daktari," akasema, "kwa hivyo naweza kufanya kazi yote?"

"Yote. Ila polepole mwanzoni."

"Hata ya nyumbani?"

Binti yule akaangalia makaratasi yake kwa bidii. "Hata ya nyumbani," akasema.

Ndipo Ng'eno, mzee wa boma, mtu wa rika lake, ambaye sijawahi kumwona akitembea bega kwa bega na mkewe hata wakienda kanisani, akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Mama Kibet mbele ya korido nzima. Akamwinua kwenye benchi. Mkewe akaangalia vidole vyao kana kwamba ni vya watu wengine, halafu akavikaza.

Wakatoka. Nilidhani wananingoja mlangoni, nikamuaga daktari, nikafuata. Nje mvua ya mchana ya Kericho ilikuwa imeshaanza, ile nzito isiyo na haraka. Watu wote walikuwa wanakimbilia vibarazani. Wale wawili walikuwa wanavuka barabara kuelekea steji, mkono kwa mkono, polepole, shati lake limefungwa kombo, kama watu wanaotembea juani. Mwavuli wao nilikuwa nao kwapani.

Sikuwaita.